Lenzi Sandukuni kwa Bi Tatu

Zena alizikwa Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki ndani kwenye mikeka, na nikiwa katikati ya chumba kilichojaa watu niligundua kwamba hapakuwa na mwingine aliyemjua Zena akiwa kijana. Wao walimjua bibi mnene wa mtaa wa Soweto, hapa Mbeya, aliyeuza vitumbua na kuwakemea watoto wa mtaa mzima. Mimi nilimjua akiwa mwembamba, vumbi la Makongolosi likiwa limemkaa kwenye nyusi. Mjukuu wake, Nasra, alikuja kuketi karibu yangu. Ana kamera mpya, na alikuwa amesikia kwamba kazi yangu maisha yote ilikuwa kupiga picha. Labda kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya wageni, aliniuliza jambo la kikazi: anunue nini kwanza cha kuikinga lenzi, maana dukani wamemwonyesha vifuniko, vioo, kofia na mikoba mpaka amechanganyikiwa. Nilimjibu kwa ufupi, kwani matangani si mahali pa somo. Jibu refu ni mwaka mmoja wa ujana wangu, na kwa kuwa aliyejua habari za mwaka ule pamoja nami sasa yuko chini ya udongo, naona niliandike.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Mwingereza. Mjomba wangu Shabani alikuwa na studio ya picha Iringa, na akanifundisha kazi kwa sababu ya shida moja ya biashara. Waislamu wa mjini Mbeya, wengi wao watu wenye asili ya pwani, walikuwa wakimletea salamu kwamba wanataka picha za wake zao na mabinti zao, lakini hawataki mwanamume asimame mbele yao na kuwaambia inua kidevu. Mjomba akafikiri, akaniita, akaniambia kwamba nitakwenda mimi. Nitakaa kwa Bi Tatu, mjane ambaye watu wake na watu wetu walijuana tangu zamani, na nitaingia kwenye nyumba ambazo yeye mwanamume asingeweza kuingia. Halafu akaweka sharti, kwa sauti ile ile ya kawaida aliyotumia kuagiza chai. "Nakupa mwaka mmoja, Rukia. Lenzi ikirudi safi, kamera ni yako na kazi ya Mbeya ni yako. Ikirudi imeharibika, utakaa nyumbani kama wenzako, na yule mtu wa Kilosa aliyeleta posa tutamjibu ndiyo." Yule mtu wa Kilosa sikuwa na ubaya naye. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, akila. Lakini nilikuwa nimeshaona picha ikijitokeza polepole kwenye maji ya dawa ndani ya chumba cha giza, na mtu akishaona jambo lile kwa mikono yake mwenyewe ni vigumu kumrudisha jikoni.

Kabla sijasafiri tulikwenda kwa fundi saa wa Kihindi pale Iringa, aliyeuza pia vifaa vya kamera. Alikuwa mpole na mwenye mzaha. Alitandika kitambaa juu ya meza ya kioo, akapanga vitu, na Mjomba akaniambia nichague kimoja. Mkoba atanunua yeye, lakini kitu cha kukaa kwenye lenzi nichague mwenyewe, kwa kuwa mwenye kubeba mzigo ndiye ajuaye utabana wapi. Nilisimama pale muda mrefu, na hata leo ningemshauri kijana yeyote asimame hivyo hivyo. Usiulize kipi kizuri. Jiulize adui yako ni nani. Kifuniko nilikuwa nacho tayari, cha bati, Mjomba amekibandika kitambaa kwa ndani kisicheze. Kifuniko ni mlinzi mwema mwenye kasoro moja: analinda wakati hufanyi kazi. Ukimvua ili upige picha, lenzi inabaki tupu saa ile ile ambayo vidole, mvuke na vumbi viko karibu. Kofia ya lenzi, ile kama pembe fupi nyeusi, huzuia jua la pembeni lisiipaushe picha, na kamera ikigonga mlango kofia huumia kwanza, lakini kazi yangu ilikuwa ya vyumbani na jua la huko si kali. Kioo cha manjano huyatoa mawingu vizuri, ila hula mwanga, na mwanga wa vyumbani tayari ni wa kuombaomba. Mwisho kulikuwa na kioo cheupe kisicho na rangi yoyote, kimezungushiwa pete ya shaba, cha kukazwa mbele ya lenzi. Kwenye picha hakibadilishi kitu. Kazi yake ni kuumia kwa niaba ya mwenzake.

Nilichagua hicho. Fundi saa alicheka. "Kioo juu ya kioo? Hiyo ni kama kuvaa mabuibui mawili, binti." Nikamwambia kwamba maharusi wana vidole. Akamtazama Mjomba, akatikisa kichwa, akakifunga kwenye karatasi. Mjomba naye akachukua mkoba wa ngozi nene, ndani una bitana ya mahameli nyekundu, unaofunga kwa bizimu mbili. Ulikuwa mkoba wa fahari, na njiani kwenda Mbeya niliukumbatia kama mtoto.

Nyumba ya Bi Tatu ilikuwa karibu na soko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye huruma, asiye na maongezi. Alinipa chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba na blanketi mbili, akanionyesha bafu na jiko, na sidhani kama tulisema maneno mengine siku ile. Nazi ilikuwa haba Mbeya, kwa hiyo alipika maharage kwa karanga na kuyaita ya nazi, na mimi nikayaita hivyo pia. Tulikula sinia moja, tukitazamana mikono. Nje ya ukuta wa chumba changu palikuwa na uwanja wa majirani, na jioni walizungumza Kisafwa wakiota moto. Nilijifunza vicheko vyao kabla sijajifunza neno lao hata moja. Nilijua nani anacheka kwanza na nani hucheka kwa kuchelewa, na nilipokutana nao njiani mchana nilitaka kuwaambia kwamba nawafahamu, nikaishia kuwaamkia tu. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Kwangu mimi ulikuwa kuwasikia watu vizuri kupita kiasi.

Kazi haikukosekana. Nilikula pilau nyingi mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote, na karibu zote nilizila nimesimama, sahani juu ya sanduku la filamu, jicho kwa bibi harusi asije akafuta wanja kabla sijampiga picha. Vyumba vile vilikuwa na joto la watu na moshi wa udi, wanawake wamebanana kitandani na sakafuni, wote wakizungumza. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeingia bila kualikwa na moyo wa mtu. Siku moja mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya kutaka wote wasikie, huyu binti anayewapiga wenzake picha za harusi, yake ni lini? Shoga yake akamjibu kwamba mumewe si ndiye huyo wa miguu mitatu, akiinyooshea kidole stendi ya kamera. Walicheka sana. Nilicheka nao, kwa kuwa utani ulikuwa mzuri kweli, na kwa kuwa kucheka kulinipa cha kufanya na uso wangu. Ndiyo siku hiyo bibi harusi, msichana mdogo aliyekuwa amekaa kimya kama mtungi, aliinua mkono nilipomsogelea na kuigusa lenzi kwa ncha ya kidole chenye hina mbichi. Nilimuuliza kwa nini. "Nilitaka kujua kama ni ya baridi," alisema. Doa lilibaki kwenye kile kioo cha juu, nikakifungua, nikakiosha, nikakirudisha. Lenzi yenyewe haikujua lolote. Jioni ile nilimshukuru yule fundi saa na mabuibui yake mawili.

Mkoba nilikuwa nauweka chini ya kitanda. Bi Tatu alipouona pale alisikitika. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwake, akanionyesha sanduku lake la njumu, lile la mbao nzito lililopigwa misumari ya shaba, ambalo mama yake alilileta kutoka pwani. Ndani palikuwa na kanga zake za harusi, vipande vya hariri, karafuu kwenye mfuko mdogo, udi, na chupa ya marashi ya waridi ambayo aliinyunyiza kila mwezi. "Kitu cha thamani hakilali chini," alisema. Alisogeza kanga zake za harusi pembeni, akaulaza mkoba wangu pale katikati, akafunga, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga aliyovaa. Tangu siku hiyo kila nilipotoka kazini alikuwa akinipokea mkoba mlangoni na kwenda kuulaza. Niliona raha. Hapakuwa na mwingine aliyenisubiri mlangoni kwa ajili ya kitu chochote.

Mvua zilikuja, na mvua za Mbeya hazina haraka. Nguo zilikauka kwa moshi, chumvi ikageuka maji, mkate ukaota nywele. Nilikuwa nikisafisha picha za familia moja nilipoona nyuso zote zina weupe, kana kwamba mtu amezipumulia. Nikadhani ni mvuke wa chumba. Picha za nyumba nyingine zikatoka vile vile. Nikakifungua kile kioo cha juu, nikakishika mbele ya mwanga wa mlango: safi. Nikaitoa lenzi yenyewe na kuitazama kwa upande wa nyuma. Ndani yake, kuanzia ukingoni, palikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zilizotambaa na kugawanyika kama mizizi ya mche wa mpunga. Ilikuwa kuvu.

Hili ndilo nililotaka Nasra alielewe, na anayelisoma alielewe bila kuogopa, kwa sababu ni jambo rahisi. Maadui wote niliowahesabu pale dukani walikuwa wa mbele: kidole, vumbi, jua. Kuvu haiji kwa mbele. Hupenda giza, unyevu na hewa iliyosimama, na ngozi na mahameli hunywa unyevu na kuutunza kama kibuyu. Mkoba ulikuwa umeikinga lenzi na kila kitu, na sanduku likaukinga mkoba, na mwisho hata hewa ikawa imezuiwa mlangoni. Niliketi kitandani nikamfikiria yule mtu wa Kilosa. Nilimwona anakula.

Bi Tatu sikumwambia habari ya sanduku. Nilimwambia tu kwamba kioo kimeshika kuvu kwa baridi, na kwamba dawa ninayoijua ni jua, jua la siku nyingi mfululizo, la sivyo kuvu itaula uso wote wa kioo. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nje mawingu yalikuwa yamekalia mlima kama siku zote za msimu ule.

"Jua liko Makongolosi," alisema, bila kuinua macho. "Mwanangu yuko huko."

Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile miezi mingi, na sikujua kwamba ana mtoto. Aliendelea kuchambua. "Anaitwa Zena. Mwambie umetoka kwangu. Asipokufungulia, rudi."

Lori la Chunya, lililofika hadi Makongolosi, liliteremka kutoka kwenye ubaridi kama mtu anayevua nguo. Kufika nusu ya njia tulikuwa wekundu wote, abiria na mizigo, na vumbi likaingia hata kwenye masikio. Zena alinifungulia. Alikuwa na mgahawa wa kuwapikia wachimbaji dhahabu, banda la nyasi lenye meza mbili, na mumewe, Mnyakyusa mwenye sauti ya chini, alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Huyo ndiye aliyekuwa kisa cha mama na binti kutotembeleana. Bi Tatu alikuwa amemtafutia binti yake mume mwenye duka, na Zena akamchagua mtu wa shimo. Aliponieleza hayo alikuwa anakata mboga na hakuacha kukata. Kisha akaniuliza nini kimeipata kamera, nami nikamweleza yote, kuvu, mkoba, sanduku, karafuu. Kisu kikasimama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini, mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

"Hata mimi alitaka kunilaza humo," alisema.

Kila asubuhi tuliiweka lenzi juani kwenye ungo, juu ya paa la banda la kuku. Siku ya kwanza nusura tuchome nyumba: lenzi ililikusanya jua na kutoboa kanga niliyokuwa nimeitandika, tundu la ukubwa wa dengu, na moshi ukatoka. Zena akaikamata kanga na kuizima kwa maji ya mboga. Baada ya hapo tukawa tunailaza lenzi juu ya kigae, ili mwale wake usiziguse nyasi, tukiigeuza kama mtu anavyogeuza mhogo. Vumbi la Makongolosi lilikuwa laini kama unga, na nilipotaka kulifuta kwa kitambaa Zena alinizuia; akanichomolea unyoya wa kifuani mwa kuku, akanionyesha kulifagia kwanza bila kukandamiza. Hilo pia ni somo: vumbi likifutwa kabla ya kupeperushwa hugeuka msasa. Mchana niliwapiga picha wake wa wachimbaji, hapo nje, kile kioo cheupe kikiwa mbele, na jioni kilikuwa na mikwaruzo ambayo bila hicho ingekuwa ya lenzi yenyewe. Usiku ulipoingia tulikula ugali kwa mlenda, tukiwasikiliza wanaume wakibishana habari za mawe. Zena aliniuliza mambo ya mama yake kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chakula cha moto. Bado anapika maharage ya karanga na kuyaita ya nazi? Bado anavaa kanga mbili ndani ya nyumba? Nilitaka kumpiga picha nimpelekee Bi Tatu. Alikataa. "Akitaka kuniona, barabara ipo."

Kuvu ilikoma. Haikufutika, zilibaki nyuzi mbili tatu ukingoni, zimekauka, kama mshono. Picha zilirudi kuwa na macho na nywele. Niliporudi Mbeya Bi Tatu aliuliza tu kama Zena alinifungulia, na alipika nini. Nilimjibu, na kila chakula alikiitikia kwa kichwa.

Mwaka ulipotimia nilikwenda Iringa. Mjomba alifunga mlango wa studio, akafungua bizimu za mkoba, na kabla hajaigusa kamera aliinamisha uso akaunusa. Karafuu, udi, marashi ya waridi. Alinitazama, akaitoa lenzi. Kwanza alikifungua kioo cha juu, akakigeuzageuza dirishani: mikwaruzo ya Chunya, ukungu wa vitambaa vya kufutia, doa hafifu la hina kwenye pete. Akaitazama lenzi kwa mbele, haina hata mstari. Akaigeuza nyuma, akaisogeza karibu na jicho.

"Imelala sandukuni kwa Tatu," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Ulimwambia kwamba sanduku ndilo lililoiharibu?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini? Ungeweza kuitoa humo siku ile ile."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za unyevu na mahameli, kama ninavyoeleza sasa. Lakini kilichotoka ni kingine. "Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote aliyo nayo, Mjomba. Alisogeza nguo zake za harusi."

Alikaa na lenzi kiganjani. Sharti lilikuwa wazi na lenzi haikuwa safi, na sote wawili tuliliona hilo. Kisha akaikaza mahali pake, akachukua kioo kipya cheupe kutoka kwenye droo yake, akakikaza mbele, akanisukumia kamera mezani. "Basi la Mbeya ni asubuhi," alisema. "Mkoba utabaki hapa."

Hivyo nilirudi nikiwa mpiga picha, kamera imefungwa kwenye kanga, na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia. Watu humwambia kijana kwamba akipata anachokitaka upweke utaisha. Haukuisha. Ulikuwa wangu tu sasa, kama kamera, na nilijua namna ya kuubeba. Bi Tatu alinipokea mlangoni, mkono tayari mbele, na akauliza mkoba uko wapi. Nilimwambia Mjomba ameuzuia. "Basi kioo kitalala wapi?" aliuliza, na nikaona kweli ana wasiwasi. Ndipo nikaketi naye, nikamweleza taratibu, kwamba kioo ni kama mtu mwenye ugonjwa wa kifua, kinahitaji mwanga na hewa inayotembea, kwamba kikae mezani mahali peupe. Alilitazama sanduku kupitia mlango wa chumbani kwake.

"Kumbe ni sanduku langu," alisema.

"Ni mvua, Bi Tatu."

"Ni sanduku."

Alinyanyuka, akaisukuma meza kwa nyonga hadi chini ya dirisha la mbele, na akalishika pazia. Tangu atoke eda ya mumewe pazia lile halikuwahi kusogezwa. Watu walikuwa wameshazoea kupita pale kama wanapita ukuta. Alilivuta lote, akalifunga fundo pembeni. Mwanga ukaangukia meza. Mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni na tenga la ndizi kichwani alisimama katikati ya njia.

"Bi Tatu. Kumbe upo?"

"Nipo," alisema Bi Tatu. Aliweka kamera mezani kwa mikono miwili, akabaki amesimama pale pale dirishani. "Malori ya Chunya bado yanapita hapa?"

"Kila asubuhi. Huyasikii?"

"Nayasikia," alisema. "Nilikuwa siyaoni."